Mashine ya Upande Wako

Baba Kendi,

Mvua inanyesha hapa Nkubu tangu asubuhi na sina mtu wa kumwambia kwamba inanyesha. Ndiyo sababu nimekaa chini kukuandikia. Kendi yuko shuleni, bado hawajafunga, na ng'ombe hajali habari za mvua. Zamani ungekuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai ukisema, "Karimi, hii ni ya kahawa." Nami ningekujibu kwamba ni ya matope. Leo nimejikuta nasema yote mawili, la kwako na la kwangu, halafu nikachukua kalamu kwa sababu sauti yangu ilisikika vibaya ndani ya nyumba.

Bado napika ugali mwingi. Mkono wangu umezoea unga wa watu wawili na haujataka kujifunza. Unaobaki nampa mbwa, naye amenenepa mpaka majirani wanauliza.

Naanza na haya madogo kwa sababu habari kubwa inanipa shida kuianza. Nayo ni hii: nimenunua mashine nyingine ya santuri. Iko hapa mezani, kando ya ile yangu, nimeifunika kwa shuka. Najua utataka kujua ni ya namna gani kabla hujaniuliza kama nimekula, kwa hiyo nitakueleza yote taratibu, kama ulivyopenda kuelezwa.

Siku ile wazee wa ukoo walipogawa vitu vyako, walikaa nyuma ya jikoni. Koti likaenda kwa huyu, panga kwa yule, na Gitonga mdogo wako akaomba mashine yako. Wakaniuliza kama nina neno. Sikuwa nalo. Siku hizo hata mtu angeniuliza jina langu ningetazama chini. Gitonga akaifunga kwenye blanketi akaenda nayo Mikinduri. Nikabaki na mashine yangu mimi, ile tuliyoinunua Kendi akiwa bado mgongoni, na masanduku ya santuri, na miksa ya kuchanganya sauti, na spika.

Nilifikiri zinatosha. Kanisa lilipofanya harambee nikaenda kupiga muziki na mashine moja. Sijui hata nikuelezeje. Wimbo ukiisha, nainua mkono wa sindano, natoa santuri, natafuta nyingine, naipangusa, naiweka. Ni muda mfupi tu. Lakini katika muda huo watu wanakumbuka kwamba miguu inauma. Wanakumbuka ng'ombe hajakamuliwa. Wanarudi kwenye viti, na wewe unajua mzee akishakaa kwenye kiti cha harambee hainuki tena mpaka asikie harufu ya pilau. Kila wimbo ulikuta watu wachache kuliko ule uliopita. Mwishowe nilikuwa nawapigia watoto, na mwanamume mmoja ambaye angecheza hata bila muziki. Sisi, ambao watu walikuwa wakitutafuta kutoka Embu mpaka Maua kwa sababu muziki wetu haukatiki.

Nilirudi nyumbani nikapasua kuni mpaka giza likaingia. Kuni ambazo sikuzihitaji.

Halafu Mama Kathure akapanda kutoka Mitunguu kuja kuniona. Unakumbuka tulikuwa tumekubaliana naye kuhusu harusi ya Kathure, wewe ukiwa mzima, hata ukamwambia kwamba malipo ya kwanza ni ndizi na mengine yatafuata. Alileta mkungu mzima. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za Kendi na za kahawa, akasifu mbwa. Ndipo akasema lile lililomleta.

"Mimi niliita wawili. Ukija mmoja, bado ni wewe nataka. Lakini usikubali kwa sababu ya kunihurumia. Kama haiwezekani sema sasa, maana kuna yule kijana wa kaseti hapa Nkubu, ananifuata kila siku kama deni."

Kijana wa kaseti simlaumu. Ananunua kaseti zake, anabonyeza, anaenda kula, anarudi kugeuza upande. Ni kazi pia. Lakini niliposikia akitajwa kwa harusi uliyoikubali kwa mdomo wako mwenyewe, niliweka kikombe chini. Nikamwambia Mama Kathure nitakuja, na nitakuja na mashine mbili. Alipoondoka ndipo nikajiuliza hiyo ya pili iko wapi. Nikajua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba nikishindwa siku hiyo kazi hii imeisha. Hakuna mtu atakayemwita mama mjane mara ya pili kwa huruma. Nitabaki na kahawa na ng'ombe, na mambo yote tuliyoyajua sisi wawili yatakuwa ni mambo ninayoyajua mimi tu, na hayana kazi.

Nilianzia karibu. Mzee M'Ikiara, jirani wetu wa upande wa juu, ana ile mashine nyeupe aliyoachiwa na yule mwalimu Mmarekani aliyekuwa akilala kwake. Ni nzuri kwa macho. Nyepesi, ina mfuniko kama kioo, na inakuja na kisanduku cha chuma cha kupunguza nguvu ya umeme. Nilikwenda na santuri ninayoijua kama sauti ya mama yangu, ile ya mwanamke anayemwita mchumba wake arudi kutoka Mombasa. Nikaiweka. Mwanamke alipofungua mdomo, akawa mwanamume. Tena mwanamume mzee, amechoka, ametembea kwa mguu kutoka huko Mombasa.

Nilitazama kama nimeweka mwendo usio sawa. La, ulikuwa sawa. Mzee M'Ikiara alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa. Nikamwambia kwa adabu kwamba mzee, mashine yako inavuta miguu. Akasema, "Huyu haharakishi. Maneno yanafika." Akaongeza kwamba yeye pia anavuta miguu, wamezoeana. Nilicheka njiani nikiteremka, na nilipofika kwenye geti nikaanza kupanga nitakavyokusimulia. Unaona hayo ndiyo yanayonishika. Kilio nimekizoea. Kicheko ndicho hakina mahali pa kwenda.

Basi nikaona hakuna njia nyingine. Nikafunga safari ya Mikinduri.

Maneno ya kumwambia Gitonga niliyapanga tangu nyumbani. Kwamba mashine si panga. Kwamba tuliinunua kwa jasho la watu wawili. Kwamba sikusema neno siku ile kwa sababu sikuwa na akili, na wazee walijua sikuwa na akili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, Baba Kendi, na nikuambie ukweli, niliutaka. Ugomvi ungenipa mtu wa kuzungumza naye mchana mzima.

Ilikuwa siku ya soko. Nje ya hoteli yake wanaume walikuwa wamekaa chini wanafunga miraa kwa majani ya mgomba, na Gitonga alikuwa mlangoni na aproni, anabishana na mtu kuhusu mandazi. Aliponiona akasema, "Mama Kendi, umekuja kuona kama bado nakula?" Lakini macho yake yalijua. Hakuniketisha mbele na wateja. Akanipeleka chumba cha nyuma anakolala.

Mashine yako iko juu ya kabati, juu ya kitambaa kilichofumwa. Haina vumbi hata kidogo. Ile alama uliyoichoma na chuma cha kulehemu, pale pembeni, bado iko, na mtu ameisugua na mafuta ili ing'ae kama sehemu nyingine. Santuri ni moja tu, iko ndani ya mfuko wake wa karatasi.

"Ichukue," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ni yako kuliko yangu. Hata siku ile nilijua." Akatoa blanketi lile lile chini ya kitanda, akalitandika, akaanza kuchomoa nyaya. Alikuwa anazikunja polepole sana kwa mtu ambaye ameacha wateja. Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo, "Huwa siipigi sana. Naiwasha tu izunguke. Ikizunguka naona ni kama ametoka nje kidogo, anarudi."

Yale maneno niliyoyapanga yote, niliyaacha palepale. Nikamwambia nimesafiri tangu asubuhi na bado sijapewa chai. Akageuka akanitazama. Nikamwambia airudishe mashine juu ya kabati isije ikaanguka. Akairudisha. Tukanywa chai na mandazi yaliyokuwa yakibishaniwa, ambayo kweli yalikuwa magumu, na nikamwambia hivyo, na yeye akasema Wameru wa Nkubu tumeharibiwa na mkate wa duka. Hatukutaja mashine tena mpaka aliponisindikiza. Hapo ndipo akaniuliza kama nimefika kwa Njeru kule Embu, yule fundi aliyekuwa anakuuzia mikanda ya mashine. Akasema hoteli moja kule imefunga disko, na vitu vya disko vikikosa kazi mjini Embu vinaishia kwa Njeru.

Nilipita Muthara wakati wa kurudi, nikaona ule uwanja. Unakumbuka siku uliyosahau sanduku juani, santuri zikajikunja kama mabakuli? Ulitaka kulia. Kendi akachukua moja akaweka mahindi ya kuku ndani, ukaanza kucheka mpaka ukakaa chini. Lile bakuli bado liko. Kuku wanalitumia.

Kwenda Embu nilichukua siku moja nzima. Njeru hakuwa amepata habari. Aliniona naingia na santuri kwapani, akachungulia nyuma yangu akasema, "Na mzee? Amebaki kutafuta mahali pa kuegesha?" Nikamwambia. Alizima chuma chake cha kulehemu, akakiweka chini, akavua kofia. Akanisogezea kiti kando ya meza yenye redio za watu zilizofunguliwa matumbo. Halafu akaniuliza ulivyougua, nikamweleza, na ikawa mara ya kwanza nimeeleza bila kukatika katikati.

Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza alipoitoa chini ya gunia, nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa pacha wa yako. Kila kitu, Baba Kendi. Ile rangi ya mbao, ile swichi inayolia kama ulimi. Ya pili ilikuwa ile ya hoteli. Sijaona kitu kibaya kama hicho. Nzito kama jiwe la kusagia, rangi ya masizi, haina mfuniko, mguu mmoja umewekwa kizibo cha chupa, na mtu amechora jina lake mbele kwa msumari. Nilitaka ile ya kwanza. Sitakuficha. Nilikuwa tayari kumwambia anifungie.

Lakini ulinifundisha kwamba mashine hainunuliwi kwa macho, hata yenye sura unayoipenda. Kwa hiyo nikazijaribu kama ulivyokuwa ukijaribu. Kwanza niliziwasha bila wimbo, nikafumba macho nikasikiliza kama zinanguruma. Nikagonga meza kwa vifundo vya vidole, nikatazama kama sindano inaruka. Halafu nikaweka kile kitambaa cha sufu chini ya santuri, nikaishika santuri kwa kidole huku sahani ikizunguka chini yake, nikaachilia.

Ile pacha wa yako, nilipoishika, sahani yenyewe ikachoka chini ya mkono wangu. Nilipoachilia, sauti ikaja ikijivuta kama mtu aliyeamshwa. Yako pia ilikuwa hivyo. Ndiyo maana ulikuwa unaisukuma kidogo kwa kidole, kidogo tu, na hakuna mtu aliyewahi kujua isipokuwa mimi. Ile mbaya, nilipoishika santuri, sahani iliendelea chini kwa chini kama vile hakuna aliyeigusa. Nilipoachilia, sauti ikatoka nzima papo hapo.

Nikamwomba Njeru tuzijaribu na jenereta. Kule tunakokwenda umeme wa waya ni habari za redioni. Jirani yake anachomelea mageti, akatuvutia waya kutoka kwa jenereta yake, na kila alipowasha kisagio chake cha chuma jenereta ilishtuka. Ikishtuka, pacha wa yako alishtuka nayo. Wimbo ulishuka, ukapanda, kama mtu anaimba huku amebebwa mgongoni. Ile nyingine haikujali. Njeru akanieleza kwamba ile ya kwanza inachukua mwendo wake kutoka kwa umeme, na ile ya pili ina mwendo wake yenyewe. Nikamsimulia ya Mzee M'Ikiara, akacheka, akasema ndiyo hiyo, umeme wa kwao Marekani unapiga haraka kuliko wetu, mashine yao ikifika huku inafikiri ni Jumapili.

Nilirudia majaribio yote. Nikagonga, nikafumba macho, nikashika, nikaachilia. Njeru akasema, "Mama, hata mimi wakati wa kuoa sikukagua hivi." Nikamwambia ndiyo maana mkewe analalamika. Yule wa mageti alicheka mpaka akavua miwani.

Baada ya hayo yote bado mkono wangu ulikuwa juu ya ile ya kwanza. Niliipapasa ile swichi. Njeru alinitazama, akaacha utani.

"Hii ni ya mtu aliye na mwenzake," akasema. "Jenereta ikishtuka, mmoja anaweka kidole hapa kuituliza. Wewe utakuwa umeshika ile yako. Hapa kidole kitakuwa cha nani?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na mageti ya watu. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo, Baba Kendi. Mashine yako haikuwa nzuri. Wewe ndiye ulikuwa mzuri. Miaka yote hiyo watu walisifu muziki usiokatika, na ulikuwa ni kidole chako. Ningeinunua ile, ningekuwa nimenunua mahali pako pa kusimama, pakiwa patupu, na kila jenereta ingenikumbusha.

Nikanunua ile mbaya. Malipo ya kahawa yalitosha, usiwe na wasiwasi. Nimeipakata kutoka Embu mpaka Nkubu, na mapaja yaliniuma siku mbili.

Sasa harusi.

Tulifika Mitunguu asubuhi, mimi na vitu vyangu kwenye pikapu ya shemeji yake Mama Kathure. Joto ni lile lile, migomba imefika mpaka ukingo wa mfereji. Walikuwa wamefunga turubai, na jenereta wakaiweka mbali nyuma ya migomba kama ulivyokuwa ukiagiza. Nikaomba maganda makavu ya mgomba, nikayafunga mafungu, nikayaweka chini ya kila mashine ili miguu ya wachezaji isitikise sindano. Mafundo yangu hayakuwa mazuri kama yako lakini yalishika. Meza ilikuwa ile ndefu ya kanisa. Nikapanga kila kitu. Kijana wa kaseti alikuwepo, ameketi na wageni kama mgeni, begi lake miguuni. Alinisalimia kwa heshima. Nikajua Mama Kathure hakutaka kubahatisha, na sikumlaumu.

Kathure aliingia na wasimamizi wake, nami nikampigia wimbo wa kuingilia kutoka kwa mashine yangu. Mashine mpya nilikuwa nimeshaiandaa. Santuri juu, nimeipangusa, sindano imeshuka mahali pake, ni kuwasha, kushika na kuachilia tu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri sana. Wazee waliinuka. Baba ya Kathure alicheza na fimbo. Wimbo ukawa unaelekea mwisho.

Na mimi nikangoja.

Nataka unielewe vizuri, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayeelewa. Nilikuwa nimepanga meza kama tulivyoipanga siku zote. Yangu mwisho wa kulia, nyingine mwisho wa kushoto, miksa katikati, na nafasi ya mtu kila upande. Nilikuwa nimeandaa santuri ya upande wako kwa mikono yangu, halafu nikarudi upande wangu nikasimama, na wimbo ulipokuwa ukiisha nikageuza uso kidogo kukupa ishara kwamba sasa ni wewe. Nikangoja uanze.

Wimbo ukaisha. Sindano ikafika katikati, ikaanza kukwaruza kwenye spika, kwaru, kwaru, na watu wote wakanitazama. Nilikuwa naona meza kutoka mwisho mpaka mwisho na sikuweza kuinua mguu. Kijana wa kaseti alitazama chini, akasogeza begi lake nyuma ya kiti, nami mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mzee mmoja akakaa. Halafu wa pili.

Nyanya yake Kathure ndiye aliyeanza. Ni yule mfupi, ambaye ulikuwa ukimwita mchumba. Alikuwa katikati ya uwanja, na nadhani hakuona sababu ya kukaa. Alipiga kigelegele, akaanzisha wimbo wa kumpokea bibi harusi, wa kwetu, wa nyumbani, na wanawake wakaitikia. Wakaanza kuzunguka. Wazee waliokaa wakaanza kupiga makofi wakiwa kwenye viti. Nyanya akacheza mpaka mbele ya meza yangu, akaegemea, jasho likimtoka.

"Mama Kendi," akasema, "sogeza hicho kitu karibu nawe. Sisi tutaimba mpaka umalize."

Basi nikaenda upande wako. Nikaibeba ile mashine, na hakuna aliyekuja kunisaidia kwa sababu wote walikuwa wanaimba, na ni nzito, nimekwambia. Niliishika kifuani kama mtoto aliyelala. Nikaiweka kando ya miksa. Nikarudi kuchukua mafungu ya mgomba nikayaweka chini yake. Halafu nikasogeza na yangu, ikaja upande wa pili. Zote mbili sasa zilikuwa zinafikiwa na mikono yangu bila kuhama. Meza ilibaki tupu sehemu kubwa, huku na huku. Mtu alipita akaweka soda pale uliposimama siku zote, naye hakuwa amekosea, ilikuwa ni meza tu.

Sikuwakatiza. Nilingoja wanawake wamalize wimbo wao, nikatafuta santuri yenye mwendo unaofanana na miguu yao, na walipofika kwenye itikio la mwisho nikaachilia. Hawakusimama hata kidogo. Waliingia kwenye wimbo wangu kama watu wanaotoka chumba kimoja kwenda kingine. Kutoka hapo muziki haukukatika mpaka Kathure alipoondoka. Jenereta ilishtuka mara nyingi. Mashine mbaya haikujali.

Nilipiga vizuri, Baba Kendi. Sina mtu mwingine wa kumwambia hivyo bila kuonekana najisifu. Kuna mahali nilitoka kwenye ule wimbo wa gitaa la haraka nikaingia kwenye ule wa tarumbeta, ile njia tuliyoitafuta sana wewe na mimi na hatukuipata, na nikaipata. Uwanja mzima ulipiga kelele. Nikainua macho kukutazama, maana raha ya kazi hii kwangu haikuwa muziki. Ilikuwa kukutazama wakati jambo limekubali. Nikaona soda ya mtu.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni sawa. Kazi imewezekana, na upweke uko pale pale. Nimeona vinaweza kukaa meza moja.

Mama Kathure alinifungia nyama na mkungu mwingine, akaniambia nisiseme asante. Yule kijana wa kaseti alinisaidia kupakia, akaniuliza kama naweza kumwonyesha namna ya kuunganisha nyimbo. Nikamwambia aje siku ambayo hakuna kahawa ya kuchuma. Na watu wa Chogoria wamenitumia salamu, wana harusi baada ya mavuno.

Gitonga nimemwandikia pia. Nimemwambia aendelee kuiwasha izunguke.

Kalamu inaanza kukwaruza na ng'ombe ananiita, kwa hiyo nakuacha upumzike hapo chini ya kahawa zako. Nitakuja kupalilia siku matope yatakapopungua. Sikuahidi kwamba nitazoea. Ninachokuahidi ni hiki: Chogoria nitakwenda. Nitaomba meza fupi. Wimbo wa kwanza ukianza kuisha sitageuza uso upande wowote. Nitakuwa nimesimama katikati, na mkono wangu tayari uko juu ya wimbo unaofuata.

Mimi wako,
Karimi, mama ya Kendi